Rehani: Jina Lililotoka Puani

Mrehani uliitwa kwa harufu yake kabla ya kuitwa kwa sura. Neno la Kiarabu rayhan, lililozaa rehani yetu, halikufungwa kwenye mmea mmoja: lilitaja chochote kiotacho chenye kunukia, na limo katika Kurani, sura ya Ar-Rahman. Kila nchi ikaliegemeza kwenye mmea iliouenzi. Yemen na Oman, na kwa njia ya bahari pwani yetu, likaushika huu tunaoujua. Hispania likauangukia mhadasi, ambao Wahispania wanauita arrayán mpaka leo. Jina lilihama, mmea ukabadilika, lakini kigezo kilibaki pua. Ndiyo maana kuutambua mmea wa bustanini kwa kuunusa si kubahatisha. Ni elimu yenye historia yake.

Mtaalamu wa mimea atapinga, na hoja yake ina uzito. Carl Linnaeus wa Sweden, katika Philosophia Botanica ya mwaka 1751, aliikataa harufu kama alama ya kutenganisha spishi, kwa kuwa haina mipaka wala kipimo. Kemia imemuunga mkono. Eujenoli, inayoipa karafuu ukali wake, imo pia kwa wingi katika baadhi ya aina za Ocimum gratissimum, jamaa wa mrehani. Aliyefumba macho akapewa jani lake angeweza kuapa kwamba yuko shamba la mikarafuu.

Hata hivyo, mwaka uliofuata Linnaeus huyohuyo alizipanga harufu za dawa katika mafungu saba, akiamini kwamba harufu huashiria nguvu ya dawa. Basi pua haikushindwa. Iliulizwa swali lisilo lake. Haijibu vyema mmea huu ni spishi gani, bali unafaa nini, na hilo ndilo pwani ililouliza. Rehani iliingia kwenye kikuba, pambo la kunukia la wanawake, pamoja na asumini na kadi; kivumbasi, chenye harufu kali, kikafukuza mbu. Huko bara, Ocimum kilimandscharicum, uliobeba jina la Kilimanjaro, unanukia kafuri na hutumiwa kwa mafua. Kitabu kinawaweka ndugu hawa katika jenasi moja. Pua inawagawia kazi tatu.

Wala pua haikufanya kazi peke yake. Mafuta ya mimea hii yamo katika vitezi vidogo juu ya jani, hivyo mjuzi hulifikicha kwanza, akanusa, kisha akatazama shina lenye pembe nne na majani yaliyoota mawili mawili yakielekeana. Mtaalamu angeyatazama hayohayo. Tofauti ni mpangilio tu: mmoja huanza na ua na kuishia kwenye jina la Kilatini, mwingine huanza na jani lililofikichwa na kuishia kwenye kikuba.