Kutoka Rubaya na Bisie hadi ndani ya kompyuta ya michezo

Wasikilizaji wengi wa Masisi na Walikale hawajawahi kuiona kompyuta ya michezo ya bei kubwa, ile ambayo mnunuzi huchagua kipande kimoja kimoja kisha akaviunganisha mwenyewe. Huchagua prosesa, ubao mama, kumbukumbu, diski, kifaa cha umeme, na zaidi ya vyote kadi ya picha. Hulinganisha kasi, joto na bei. Lakini historia ya vipande hivyo inapita katika vilima vyetu na misitu yetu, na familia nyingi zilizohama zimeishi ndani yake.

Madini mawili yanahusika zaidi. La kwanza ni koltani, ambayo hutoa tantalamu. Tantalamu hutumika kutengeneza kapasita, vifaa vidogo sana vinavyotunza umeme na kuutoa haraka pale prosesa inapouhitaji, ili usiyumbe. La pili ni kasiterite, ambayo hutoa bati. Bati ndilo linalotengeneza lehemu inayoshikilia vipande juu ya ubao.

Mwaka 2000 viwanda vya simu na kompyuta vilitafuta tantalamu nyingi kwa wakati mmoja. Mwaka huohuo Sony ilianza kuuza PlayStation 2. Hadi mwisho wa mwaka bei ya madini hayo ilikuwa imepanda takriban mara kumi. Huku Masisi vijana waliacha mashamba na malisho, wakapanda vilimani na sururu. Goma ilikuwa chini ya utawala wa RCD, ambayo mwezi Novemba iliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kuuza koltani nje. Mwaka uliofuata bei ikaanguka. Aprili 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliliambia Baraza la Usalama kwamba madini yalikuwa yanalisha vita. Wachezaji walibaki na mashine zao, na huku Masisi mashamba yaliyochimbuliwa yakabaki mashimo.

Zamu ya Walikale ilifuata. Kasiterite ya Bisie iligunduliwa mwaka 2002. Wabebaji walitembea msituni kama siku mbili, kila mmoja na mzigo wa kilo 50 hivi mgongoni, hadi barabarani. Kutoka hapo mzigo ulifika Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe na kuupeleka Goma. Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi katika lehemu ya vifaa vingi vya elektroniki, kwa ajili ya afya na mazingira. Lehemu ya zamani ilikuwa na bati asilimia 60 hivi. Mpya inayotumika sana ina zaidi ya asilimia 95. Sheria ya kulinda afya ya watu wa Ulaya iliongeza kiu ya bati duniani, wakati Bisie ikiwa mikononi mwa watu wenye bunduki.

Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zieleze kama bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu zinazotumia zinatoka Kongo au nchi jirani. Septemba ya mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Lengo lilikuwa kuwakatia wenye silaha mapato. Lakini walioumia kwanza walikuwa wachimbaji, wabebaji, mama wauza chakula na wazazi waliolipa ada ya shule kwa pesa za mgodi.

Baadaye zikaja lebo za plastiki. Kuanzia 2014 magunia ya koltani ya Rubaya yalifungwa lebo yenye namba, ili mnunuzi wa mbali ajue mgodi yalikotoka. Januari ya mwaka huo mkuu wa Intel alitangaza Las Vegas kwamba prosesa za kampuni yake hazitumii tena madini yanayofadhili vita Kongo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mnunuzi wa kompyuta kuambiwa jambo hilo waziwazi kuhusu prosesa.

Wachezaji wenyewe wanazijua kapasita. Septemba 2020, kadi ya RTX 3080 ya NVIDIA ilipokuwa mpya na baadhi zikizimika katikati ya mchezo, wanunuzi walizigeuza kadi na kuhesabu kapasita za aina mbalimbali nyuma yake. Mabishano yalihusu ubora. NVIDIA ilirekebisha programu, na kelele zikatulia.

Tarehe 30 Aprili 2024 M23 iliiteka Rubaya, eneo linalokadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kundi hilo lilitoza dola 7 kwa kila kilo ya koltani, na kupata kama dola 800,000 kwa mwezi. Walisema pia kwamba mzigo ulivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na wa huko. Rwanda imekanusha kufaidika na madini ya Kongo.

Tarehe 27 Januari 2025 wapiganaji waliingia Goma. Siku tatu baadaye kadi mpya ya RTX 5090 ilianza kuuzwa kwa dola 1,999. Mwezi wa Februari kambi za pembeni mwa Goma zilibomolewa, na familia za Masisi zikaanza safari ya kurudi. Machi vita vilifika Walikale-centre. Mgodi wa viwanda wa Alphamin huko Bisie, unaotoa takriban asilimia 6 ya bati ya dunia, ulisimama na kufunguliwa tena Aprili.

Boksi la kadi ya picha huandikwa ukubwa wa kumbukumbu, umeme inaohitaji na nchi ilikotengenezwa. Lebo ya gunia haifiki huko. Huishia kwenye kiwanda cha kusafisha madini, ambako koltani ya vilima vingi humiminwa pamoja na kugeuka unga mmoja. Baada ya hapo hata aliyetengeneza kapasita hawezi kuitazama na kutambua ipi ni ya Rubaya.