Nachingwea na Silaha Zinazobaki Baada ya Vita

Nachingwea, wilaya ya kusini mwa Tanzania, iliingia katika historia ya silaha kwa mlango wa kilimo. Mradi wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vitatu pamoja na Kongwa na Urambo, ulitumia hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta ya kung'olea miti. Mradi ulisambaratika mwaka 1951, na miaka 14 baadaye ardhi iliyofyekwa kwa ajili ya mafuta ya kula ikawa kambi ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, ambako wapiganaji wake, na kuanzia mwaka 1967 wanawake wa kikosi chao maalumu, walifundishwa vita vya msituni, wakisaidiwa na wakufunzi kutoka China.

Miongoni mwa silaha za vita hivyo, iliyoacha madhara ya muda mrefu zaidi ni bomu la kutegwa ardhini, yaani kilipuzi kinachofukiwa na kusubiri uzito wa mguu au gurudumu. FRELIMO ililitumia dhidi ya misafara ya Wareno, nao Wareno wakatega mabomu katika mpaka wa mto Ruvuma ili kuwazuia wapiganaji waliovuka kutoka Tanzania. Bomu dogo la kumlenga mtu haliishii kukata mguu, kwa kuwa mlipuko husukuma udongo, vipande vya kiatu na vya mfupa ndani kabisa ya nyama, na kidonda kinachoonekana kuishia kwenye kifundo hulazimu mara nyingi kukatwa juu zaidi ili kuzuia nyama kuoza. Kwa majeruhi aliyebebwa kwa machela kutoka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, hadi hospitali ya FRELIMO iliyokuwa Mtwara, kila siku ya njiani ilipunguza matumaini ya kupona. Mtoto aliyejeruhiwa alipata mateso ya namna nyingine, kwani mwili wake uliendelea kukua huku mguu wa bandia ukibaki na kimo kilekile. Historia ya Nachingwea imesimuliwa zaidi kama historia ya ushindi, jambo ambalo ni haki yake, lakini miili hii nayo ni sehemu ya historia hiyo.

Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO, aliondoka Nachingwea Mei 1975 akivuka Ruvuma kuelekea uhuru wa tarehe 25 Juni. Mabomu hayakuondoka, na vita vya ndani vya mwaka 1977 hadi 1992 vikaongeza mengine mengi. Msumbiji ilitangaza kuyamaliza yaliyojulikana Septemba 2015, baada ya kazi iliyoshirikisha pia panyabuku waliofunzwa Morogoro kunusa vilipuzi.

Wakati huo ulimwengu ulikuwa umeshapata silaha nyingine inayodumu ardhini. Urani hafifu ni metali inayosalia baada ya urani kuondolewa sehemu kubwa ya atomu zinazofaa kwa vinu vya nyuklia. Ni nzito kuliko risasi, yaani ile metali laini, kwa takriban mara 1.7, na ndiyo sababu hutumika kutoboa vifaru. Katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991 zilitumika tani 300 hivi. Ikigonga chuma huwaka na kuwa vumbi jembamba, ambalo askari aliye ndani ya kifaru kilichopigwa huweza kulivuta, na mtoto anayecheza juu ya mabaki yake huweza kulimeza. Ndani ya mwili, figo ndizo hutazamiwa kudhurika kwanza, kwa sumu ya metali yenyewe, na chembe zinazokaa mapafuni hutoa mnururisho dhaifu kwa muda mrefu. Tafiti zilizofanyiwa askari wenye vipande vya metali hiyo mwilini hazijaonyesha madhara makubwa ya figo, ingawa raia wanaoishi karibu na mabaki hawakufuatiliwa kwa uangalifu kama huo.

Mabomu ya kumlenga mtu yalipigwa marufuku na mkataba wa mwaka 1997, ambao Tanzania na Msumbiji ni wanachama wake. Urani hafifu haina mkataba wake wa namna hiyo.