Baharia na Karatasi Yake

Kuanzia 1793, Uingereza ilipokuwa vitani na Ufaransa, manowari zake zilihitaji watu wengi kuliko waliojitolea. Zilisimamisha merikebu za biashara za Marekani katikati ya bahari. Afisa alipanda, mabaharia wakapangwa sitahani, na aliyedhaniwa Mwingereza akachukuliwa. Lugha ni moja, sura ni moja, nani angethibitisha?

Mwaka 1796 bunge la Marekani liliagiza ofisi za forodha zitoe vyeti vya uraia kwa senti 25. Cheti kilieleza kimo, rangi ya ngozi, makovu, hata michoro ya wino mwilini. Maafisa wa manowari walivibeza, wala si bure: viliuzwa na kughushiwa.

Matajiri wa vyombo nao walikuwa na hesabu zao, kwani merikebu iliyonyang'anywa mabaharia hodari ilikuwa hatarini. Walikusanya viapo vya jamaa na vyeti vya ubatizo, wakavituma London kwa wakala wa Marekani, David Lenox. Jibu lilipokuja, huenda mhusika alikwisha hamishiwa manowari nyingine, bahari nyingine.

Silas Talbot, wakala mwenzake aliyetumwa Karibi, alijaribu mahakama. Huko Jamaika alipata amri za kuwaleta mabaharia mbele ya jaji, na kadhaa wakaachiwa. Ndipo Admirali wa Uingereza, Hyde Parker, akawaamuru manahodha wake wasizitii.

Mgogoro huu wa kuchukua mabaharia ulichangia vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza. Mkataba wa Ghent wa kumaliza vita hivyo, uliotiwa saini Desemba 1814, haukuugusia kabisa.