Muhogo wa Amani

Mwaka 1894 Mjerumani Otto Warburg aliandika kuhusu muhogo wa Afrika Mashariki ambao majani yake yalikuwa yamejikunja na kuingia mabaka. Wakulima wa leo huuita ugonjwa huo batobato. Husambazwa na inzi weupe, na pia kwa vipando vinavyougua ambavyo jirani humgawia jirani kwa moyo mweupe.

Shamba likishaugua halina dawa. Lililobaki ni kutafuta muhogo unaohimili, na kazi hiyo ilifanyika Amani, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika milima ya Usambara Mashariki. Kituo hicho kilikuwa na vituko vyake: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kilitengeneza kwinini, sabuni, hata wiski ya askari.

Baada ya vita hiyo, chini ya Waingereza, watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols walijaribu aina nyingi za muhogo, wasiridhike. Wakaugeukia mpira, mti wa jamii ya muhogo ulioletwa kutoka Brazil kwa ajili ya utomvu wake. Chotara wa kwanza aliuhimili ugonjwa, ila mizizi yake haikufaa chunguni. Ikabidi achavushwe na muhogo, watoto wake vilevile, kisha wajukuu. Hapo ndipo mizizi ya kulika ilipopatikana. Kwa maoni yangu, subira hiyo inastahili sifa kuliko uvumbuzi mwingi wa maabara.

Katika miaka ya 1950 mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria. Kizazi chake kikatumiwa na watafiti wa Ibadan kuzalisha aina zilizosambaa Afrika nzima, ikiwamo ile ambayo Waganda huiita Migyera.

Adui wa pili wa muhogo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao Storey aliueleza mwaka 1936. Huu ni ugonjwa wa hila: shina laweza kuonekana zima huku muhogo umeozea ardhini. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa wa pwani na nyanda za chini, hadi ulipozuka Uganda mwaka 2004, juu ya mita 1,000. Watafiti walipotafuta aina ya kuuhimili, wakaikuta Namikonga mashambani kusini mwa Tanzania. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa ndiyo Kaleso ya pwani ya Kenya, na zote mbili ni chotara namba 46106/27 wa Amani.