Maporomoko Yaliyoifunga Njia ya Nyasa

Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, karibu na Songea, na hatimaye humiminika katika Bahari ya Hindi pasipo kuchota hata tone la Ziwa Nyasa. Na jambo hili, ambalo mvuvi wa Mbamba Bay angelijibu bila kuondoa jicho kwenye nyavu zake, lilimgharimu Daktari David Livingstone miaka na taabu nyingi.

Chanzo cha taabu hizo ni maporomoko ya Mto Shire, mto pekee utokao ziwani. Januari 1859 aliyakuta maji yakianguka jabali baada ya jabali, stima yake ikashindwa kuendelea, naye akayaita Murchison, kwa heshima ya bwana mmoja wa London, ijapokuwa wenyeji walikuwa wamekwisha kulipa kila poromoko jina lake. Na Tedzani na Kapichira ndiyo yaliyodumu, kwa maana leo ni majina ya mitambo ya umeme ya Malawi. Septemba mwaka huo alilifikia ziwa kwa miguu.

Hapo akanuia kuujaribu mlango wa mashariki, yaani Ruvuma, akitumaini kuwa unatoka ziwani. Mwaka 1861 maji ya Ruvuma yalipungua, akarudi. Mwaka 1862 alipanda kwa mashua masafa ya takriban kilomita 250, hata miamba ikamzuia. Stima yake nyingine, Lady Nyassa, iliyoletwa vipande vipande ili ibebwe kupita kando ya maporomoko ya Shire, haikuliona ziwa lenye jina lake, naye mwaka 1864 akaivusha mwenyewe kutoka Unguja hadi Bombay.

Lililomshinda yeye lilitimizwa mwaka 1875, pale E. D. Young alipoipitisha stima Ilala mabegani mwa mamia ya wapagazi. Alipoizunguka pwani ya kaskazini mashariki, milima mirefu ya huko akaiita Livingstone, mtu ambaye hakuikanyaga kamwe; kwa rai yangu, wapagazi wale walistahili zaidi.

Wajerumani nao waliipitisha stima Hermann von Wissmann kwa njia hiyo hiyo, ikaelea ziwani mwaka 1893. Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, ndipo stima Guendolen ya Waingereza ilipotokea na kuipiga mizinga, nahodha wa Kijerumani akiwa hana hata habari kwamba vita vimeanza.