Kifaa na Kiendeshi Chake: Historia ya Ulinganishaji katika Kiini cha Mfumo Endeshi kwa Kurejelea Misafara ya Unyanyembe

Itetemia, iliyo karibu na mji wa Tabora, ilikuwa makazi ya watemi wa Unyanyembe wakati misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikipishana kati ya pwani na maziwa makuu. Richard Burton, aliyefika Kazeh mwezi Novemba 1857, aliandika kwamba Mtemi Fundikira, aliyekuwa akitawala wakati huo, alikuwa njiani kuelekea pwani akiwa mpagazi katika msafara alipopata habari za kifo cha baba yake; akautua mzigo, akarudi nyumbani kutawala. Habari hiyo ni fupi, lakini inathibitisha jambo ambalo wanahistoria wa misafara wamelisisitiza: upagazi miongoni mwa Wanyamwezi ulikuwa kazi ya heshima yenye maarifa yake, na maarifa hayo yalifika hadi ikulu. Mojawapo ya maarifa hayo lilikuwa kujua mzigo upi unamfaa mbebaji yupi. Swali hilohilo, katika mazingira tofauti kabisa, ndilo lililowasumbua wajenzi wa mifumo endeshi ya kompyuta tangu miaka ya 1970.

Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia maunzi. Hata hivyo, kiini chenyewe hakijui lugha ya kila kadi ya mtandao, kadi ya sauti au diski. Kazi hiyo hufanywa na viendeshi, ambavyo ni programu ndogo, kila kimoja kikifahamu aina fulani ya vifaa. Kompyuta inapowashwa, au kifaa kipya kinapochomekwa, ni lazima ijulikane kiendeshi kipi kitakishika kifaa kipi. Ulinganishaji ukikosewa, kifaa hubaki kimya ingawa ni kizima.

Katika msafara, jibu lilitokana kwanza na umbo la mzigo. Mtumba wa nguo ulikazwa kwa kamba ukawa mrefu na mgumu, kisha ukafungiwa vijiti pembeni ili usipoteze umbo na uweze kuegemezwa kwenye mti wakati wa kupumzika. Uzito wake ulikuwa takriban ratili 70, yaani kilo 32. Masango, yaani nyaya za shaba, yalifungwa kwenye ncha mbili za mti mmoja. Pembe ya ndovu iliyoweza kubebwa na mtu mmoja ilikwenda begani kwa wale waliohesabiwa kuwa wakubwa wa wapagazi, nayo iliyozidi nguvu za mmoja ilibebwa kwa mzegazega na watu wawili. Hata mpangilio wa safari ulifuata mizigo: kirangozi na bendera mbele, wabeba pembe wakifuata, kisha nguo na ushanga, halafu ngozi, chumvi na majembe, na vyombo vya kambi nyuma. Mtu aliyeutazama mzigo ukiwa chini aliweza kutambua ni wa nani. Mzigo ulijitangaza wenyewe.

Vifaa vya kompyuta havikuwa hivyo hapo mwanzo. Katika Unix ya Bell Labs, viendeshi viliunganishwa ndani ya kiini kilipokuwa kikijengwa, na kila kimoja kilipewa nafasi katika jedwali kwa namba. Mtaalamu ndiye aliyejua ni maunzi gani yamo ndani ya mashine. Kifaa kikibadilishwa, kiini kilijengwa upya. Ulinganishaji ulikuwa kichwani mwa mtu. Nchini Tanzania, ambako kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965 na serikali ikazuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, hatua hii ilipita mikononi mwa watu wachache mno. Pengine ndiyo maana ulinganishaji huonekana leo kama jambo linalojitendea lenyewe.

Hatua ya pili ilikuwa ya kubahatisha. Kadi za basi la ISA, lililotokana na kompyuta binafsi ya IBM ya 1981, kwa miaka mingi hazikuwa na njia ya kusema zenyewe ni kitu gani. Kiendeshi kiliandika thamani fulani kwenye anwani iliyodhaniwa kuwa ya kadi, kikasubiri jibu. Anwani ikiwa ya kadi nyingine, mashine nzima iliweza kuganda.

Mageuzi makubwa yalikuja na PCI mwaka 1992. Kila kifaa kilitakiwa kubeba namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa, kila moja ikiwa na biti 16; namba ya Intel, kwa mfano, ni 8086 katika hesabu ya kizio cha kumi na sita. Kiendeshi nacho huja na orodha ya namba kinazozitambua. Katika Linux, hasa tangu toleo la 2.6 la Desemba 2003 lililounganisha mabasi yote chini ya muundo mmoja, basi hulinganisha namba hizo na orodha. Zikipatana, kiendeshi huitwa kukijaribu kifaa. Uamuzi wa mwisho ni wa kiendeshi: kinaweza kukubali, kukataa, au, tangu mwaka 2012, kuomba kiitwe tena baadaye kwa kuwa kitu kingine kinachokihitaji hakijawa tayari. Hapa ulinganisho na msafara unakaribiana sana, ingawa mpagazi alikuwa na haki ambayo kiendeshi hakina: aliweza kudai ujira zaidi au kuuacha mzigo porini.

Tofauti iliyo nzito zaidi ni ya mahali orodha inapotunzwa. Kanuni za mizigo zilikuwa mali ya wabebaji wenyewe, na mgeni kutoka pwani au Ulaya alilazimika kufunga bidhaa zake kwa namna waliyoikubali. Namba za PCI na USB hutolewa na vyama vya makampuni vilivyoko Marekani, na hulipiwa. Mtengenezaji wa Tabora anayetaka kifaa chake kitambulike duniani hana budi kupitia huko.

Orodha iliyo ndani ya kiendeshi cha programu huria, hata hivyo, haijafungwa. Fundi anayekuta kadi yenye namba ngeni, lakini anajua kuwa sakiti yake ni ileile ambayo kiendeshi fulani hukiendesha, anaweza kuiandika namba hiyo katika faili maalumu la kiendeshi hicho mashine ikiwa inafanya kazi. Kiini hurudia ulinganisho papo hapo. Kadi ikiitika, fundi huyo anaweza kuutuma mstari mmoja kwa watunzaji wa kiini, nao wakiukubali huingia katika matoleo yanayofuata.