Nakala rudufu kabla ya kusakinisha upya mfumo wa uendeshaji

Nakala rudufu kabla ya kusakinisha upya mfumo wa uendeshaji ni nakala za mafaili, barua pepe na mipangilio ya mtumiaji zinazowekwa nje ya kompyuta kabla ya Windows, Linux au macOS kusakinishwa upya. Lengo lake ni kuzuia upotevu wa data, kwa sababu usakinishaji mpya unaweza kufuta kila kitu kilichomo katika diski. Nchini Tanzania kazi ya kusakinisha upya hujulikana mitaani kama "kupiga Windows".

Sababu za kusakinisha upya

Mfumo husakinishwa upya unapoharibika, unapoingiliwa na virusi, kompyuta inapokuwa nzito kupita kiasi, au toleo linapoacha kupata masasisho ya usalama. Microsoft iliacha kuhudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Jinsi data inavyopotea

Diski moja huweza kugawanywa katika sehemu kadhaa, ambazo Windows huzionyesha kwa herufi kama C na D. Kwa kawaida mfumo hukaa katika C, pamoja na folda za mtumiaji kama Documents, Pictures, Downloads na Desktop. C ikifomatiwa, folda hizo huondoka pamoja na mfumo.

Watumiaji wengi huhamishia kazi zao katika D. Hatua hiyo husaidia ikiwa C peke yake ndiyo inayofomatiwa. Hata hivyo, mara nyingi C na D zimo katika diski ileile: sehemu zote zikifutwa kwa makosa, au diski yenyewe ikifa, vyote hupotea kwa pamoja. Kwa hiyo D si nakala rudufu.

Zipo njia zisizofuta mafaili. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mfumo unaweza kurudishwa katika hali yake ya mwanzo huku mafaili ya mtumiaji yakibakizwa, ingawa programu alizoongeza huondolewa. Windows ikisakinishwa bila kufomati, folda za zamani huwekwa ndani ya folda iitwayo Windows.old. Katika Windows 10 na 11, folda hiyo hufutwa yenyewe siku 10 baada ya kupanda toleo. Katika Linux, folda ya /home inaweza kutengewa sehemu yake isiyoguswa. Njia hizi hupunguza hatari, lakini haziiondoi.

Barua pepe

Usalama wa barua pepe hutegemea mahali zinapokaa. Anayesoma barua zake kwa kivinjari, kama katika Gmail, huziacha katika seva. Anachohitaji ni nywila yake na namba ya simu au njia nyingine ya kuthibitisha akaunti.

Programu kama Outlook na Thunderbird huweza kutumia utaratibu wa IMAP au POP3. IMAP huacha barua katika seva na kuonyesha nakala katika kompyuta. POP3 hupakua barua, na isipoelekezwa vingine, huweza kuzifuta katika seva. Hapo kompyuta huwa ndiyo mahali pekee barua zilipo. Hata kwa mtumiaji wa IMAP, barua alizohamishia katika folda za kompyuta yake hazimo tena katika seva.

Outlook huhifadhi barua za POP3 katika faili lenye kiambishi .pst. Tangu Outlook 2010, faili hilo kwa kawaida huwa ndani ya Documents, katika folda ya Outlook Files. Thunderbird huweka barua, anwani na mipangilio katika folda moja iliyomo ndani ya AppData, ambayo Windows huificha. Anayenakili folda zinazoonekana tu huiacha nyuma. Programu ya barua hufungwa kwanza kabla ya kunakili.

Vitu vingine vinavyosahaulika ni alamisho na nywila zilizohifadhiwa katika kivinjari, namba za leseni za programu, na ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Bila ufunguo huo, diski iliyofungwa kwa BitLocker huenda isifunguke tena.

Kutengeneza nakala

Kanuni inayotumiwa sana ni ya 3-2-1: kuwa na nakala 3 za data, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 ikae mahali pengine, kwa mfano katika hifadhi ya wingu. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja la kufikia GB 4, kiasi ambacho faili la .pst laweza kukipita; exFAT haina kikomo hicho.

Kosa la kawaida ni kunakili njia ya mkato iliyopo kwenye Desktop badala ya faili lenyewe. Kwa sababu hiyo nakala hukaguliwa kwa kufungua mafaili kadhaa katika kompyuta nyingine kabla ya diski kufomatiwa. Kompyuta ambayo Windows yake haiwaki inaweza kuwashwa kwa Linux iliyomo katika flashi, kisha mafaili yakanakiliwa kutoka humo.

Baada ya kusakinisha

Nakala huchunguzwa kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kurudishwa, hasa kama virusi ndivyo vilivyosababisha usakinishaji. Nakala haifutwi mpaka mafaili na barua zote zimehakikiwa.

Ikigundulika kuwa kitu kimefutwa, kompyuta huzimwa mara moja na diski huachwa bila kuandikwa chochote. Ufomati wa haraka hufuta orodha ya mafaili, na data yenyewe huweza kubaki mpaka data mpya iandikwe juu yake. Katika diski za SSD nafasi hiyo ni finyu zaidi, kwa kuwa amri ya TRIM huiruhusu diski kusafisha maeneo yaliyofutwa.